Nani Anakuchefua?

Jumanne, 4 Machi

Nesi wa kliniki kanipima presha mara mbili, kakunja uso. Mimba ya miezi saba, presha iko juu. Nisipotuliza mawazo nitalazwa. Kaniunganisha na mshauri anayeongea na wajawazito kwa video. Fomu inataka namba ya mtu wa karibu. Nikaandika ya mume wangu — nani mwingine?

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kwanza. Nimekaa stoo ya dobi nnakopiga pasi, juu ya furushi la mashuka, harufu ya makwapa ya mji mzima. Mshauri mpole, ila mtandao unakatakata.

Nikamwaga yote. Kwamba mume kanipiga picha nimelala, tumbo wazi, kaitupa kwenye grupu la familia. Mama mkwe kajibu kitovu changu kinatisha. Shemeji kacheka. Na mume, bila haya, kaandika, "Baba Kijacho kazini." Ndivyo anavyojiita. Ptuu.

Mshauri akauliza najisikiaje. Nikasema ananichefua. Akisogea tu, nasikia kutapika. Natamani atoke, nipumue.

Akasema pole, kuna mahali sauti ilipotea, lakini ameandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe sebuleni na begi. Kaja kunichunga. Mume kanionyesha ujumbe wa mshauri: mama anamchukia mtoto aliye tumboni, anatamani atoke, asiachwe peke yake.

Mtoto wangu! Kumbe yote niliyosema juu ya mume hayakufika, yamefika "ananichefua" na "atoke" tu, mshauri akadhani ni wa tumboni.

Nikasema sikumaanisha mtoto. Mume: sasa nani? Mama yake kanikodolea macho. Nikasema harufu ya nguo za wateja. Mwoga mkubwa mimi. Hata mimi najitia kinyaa.

Mama mkwe katoa uamuzi: mtoto akizaliwa anaondoka naye, mpaka akili yangu itulie. Nikamtazama mume. Anakata kucha za miguu juu ya meza ya kulia. Kasema mama anajua zaidi. Ujumbe ulikuwa umeshafika kwenye grupu.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe anapika. Anaramba mwiko, anaurudisha sufuriani. Nimekula. Nikikataa, atasema namnyima mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha pili, sebuleni — wameamua wao. Simu kaishika mume, mama yake kamwegemea begani. Mshauri akasema amerudia maandishi yake, ana wasiwasi alikosea. Akauliza taratibu: mama, nani anakuchefua?

Mume anatabasamu kwenye kioo cha simu, meno yote nje.

Nikaomba dakika moja. Nimejifungia chooni na hiki kidaftari. Mtoto anapiga teke, nimemwekea mkono. Huko nje mume anamwambia mshauri mimba imenikoroga kichwa, avumilie. Mama mkwe anasema kitanda cha mtoto keshakitandika kwake, shuka jipya. Mshauri anasema atanisubiri mwenyewe nijibu.

Nachungulia ufa wa mlango. Mume kachukua simu ya mama yake, kaielekeza huku chooni, anarekodi. Ya grupu hiyo.

Haya, arekodi. Nafungua.