Pupe ya muhindi

Ijumaa usiku, Mikelenge

Na Zaina alicheka! Alhamdulillahi, bado nakisikia kicheko chake.

Watoto wangu walituwekea filamu ya kuchekesha juu ya pupe, wale watoto wa plastiki ambao kila binti aliwalilia zamani. Niliogopa. Tangu vita, mdogo wangu Zaina akiona pupe anatoka nje.

Tulipokimbilia pori la Kailo, pupe yake ilikuwa muhindi mzima, na nywele zake alizisuka mwenyewe. Njaa ilipotushinda, mama aliuchoma, tukagawana punje. Zaina alikula huku analia. Hatukuzungumza jambo lile tena.

Leo, pupe ya filamu ilipoanguka karibu na moto, Zaina akaruka: “Mumutoe pale haraka! Mama yetu akipita, atamukula!”

Watoto wakamgeukia. Yeye akaanza kucheka, mpaka machozi.

“Yaya,” akaniambia mimi mkubwa wake, “lakini alikuwa mutamu.”

“Mutamu sana, mudogo wangu.”

Mama, Mungu akurehemu. Ulituokoa na kamuhindi kale. Naogopa kidogo ndoto za vita zitamrudia Zaina usiku huu, ila...

Kesho nitanunua mihindi mibichi, nimpelekee. Mmoja nitauacha na nywele zake.