Ufunguo kwenye mfuko wa mchele

Jumanne, Bertrams

Wala hawakuniuliza ufunguo wa sefu uko wapi. Polisi wawili waliingia moja kwa moja jikoni, mmoja akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa mchele, akautoa ufunguo.

Bastola iliyokuwa ndani ya sefu ina leseni, na ndiyo ajira yangu ya ulinzi. Wameichukua kwa sababu kuna mtu ameapa kwamba nina hasira za hatari. Jina lake kwenye hati wamelifuta kwa wino mweusi. Mimi nitasikilizwa baada ya wiki tatu. Bosi keshanihamishia getini, kuandika namba za magari.

Sheria yenyewe siikatai. Mwenye hasira za kuua anyang'anywe bunduki, hata akiwa mimi. Lakini niulizwe kwanza, eish!

“Nani kanishtaki?” nilimuuliza askari.

“Utajua mahakamani, mama.”

Kutwa nzima nimemshuku Baraka wa kazini, anayeitamani nafasi yangu. Lakini Baraka hajawahi kukanyaga hapa. Na ufunguo ulikaa miaka kwenye kopo la sukari. Niliuhamishia kwenye mchele Jumapili tu, wifi Rehema alipokuja kunisuka. Mume wangu yuko Durban, hata yeye sijamwambia.

Rehema, aliyenilelea watoto wangu...

Na ndiye niliyemwandika kwenye fomu ya mahakama waliyoniachia polisi kuwa shahidi wangu, aje aeleze tabia yangu.

Nimechukua kalamu nilifute jina lake. Nimelikolezea wino mpaka halisomeki, ndipo nikakumbuka kwamba na yeye sijamuuliza kwanza.