Fomu ya Kumfutia Kesi Fundi Friji

Jumatatu, 4 Machi
Yamekwisha! Kesi ya talaka naifuta. Mume wangu fundi friji kakubali mwenyewe: mizoga yake yote ya friji itoke chumbani. Karani wa mahakama kanipa fomu — tuijaze wawili, tusaini mbele yake Ijumaa kabla ya saa sita. Tukichelewa, tunaingia kwa hakimu.

Jumanne, 5 Machi
Tumekwama kwenye “Sababu ya kufuta shauri.” Mimi nataka: mume amejirekebisha. Yeye anataka: mke amepunguza hasira. Hasira zikanipanda hapohapo. Mwishowe tumeandika “hali ya nyumbani imetulia,” huku hatusemeshani.

Jumatano, 6 Machi
Masharti. Nikaandika: friji zote zitoke. Akaongeza: isipokuwa ile ndogo. Eti ile ni mgonjwa, si maiti. Nikakata. Akaandika tena. Nikakata — karatasi ikatoboka.

Mama mkwe kaja na lake: mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia, mama, mvumilivu huyu kitandani kwake anafika kwa kuparamia. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya friji.

Alhamisi, 7 Machi
Fomu mpya. Karani kasema wengine huachana kwa karatasi chache kuliko hizi.

Jioni friji zimetoka zote, hata ile ndogo. Kumbe chumba kikubwa hivi! Ila mume wangu kazubaa mlangoni, chai imempolea mkononi. Nimemwonea huruma. Halafu nimejikasirikia kwa kumwonea huruma.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la mahakama. Saa sita inakaribia.

Yeye kasaini. Mimi nimeshika kalamu tu, karani akaanza kulalamika: friji ya ofisi, hiyo nyuma ya meza yake, imekufa tangu mwezi uliopita, anayeitaka aibebe bure.

Bure!

 Mume wangu akaniangalia. Nikaangalia ukuta. Nilipogeuka, miguu yake tu ndiyo inaonekana nyuma ya meza ya karani. Anapiga mluzi! Mwaka mzima sijamsikia akipiga mluzi.

Karani anauliza, mama, unasaini au niwapeleke kwa hakimu? Nimemwambia subiri.

Sauti huko chini: “Bibie, njoo unimulikie kidogo.”

Fomu iko mapajani, haijasainiwa. Natafuta tochi ya simu.