Samaki wa Mama Yako Wamepona

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na paa la jikoni limeacha kuvuja.

Dada yako alikuambia kwamba samaki wa marehemu mama yako hawaishi kuugua, nawe ukaniandikia: "Baba, kama samaki wanakushinda, utaishije peke yako? Njoo ukae kwetu." Nimesoma. Sasa nawe usome.

Walikuwa wakitokwa na madoa meupe, kama chembe za chumvi. Dawa iliyaondoa, yakarudi. Nikachunguza kinachotangulia ugonjwa, nikakuta kila mara ni ziara ya dada yako. Huja na ndoo, huwatoa samaki wote, humwaga maji yote, husugua tangi mpaka ling'ae, kisha huwarudisha katika maji baridi ya bomba. Siku chache baadaye, madoa.

Safari hii nilimngoja mlangoni.

"Ndoo ibaki nje," nikamwambia.

"Baba, umeanza ukaidi wa uzee."

"Nilianza zamani. Mama yako aliuvumilia maisha yake yote."

Alicheka, lakini ndoo ilibaki nje. Nimeyapasha maji joto kidogo, nimeendelea na dawa hata baada ya madoa kutoweka, na maji nayabadilisha kidogo kidogo. Madoa hayajarudi.

Kumbe kilichowaumiza ni kule kuhamishwahamishwa. Kwa hiyo chumba ulichonitayarishia, mpe mgeni mwingine. Karibu unitembelee wakati wowote, ila usije na masanduku matupu.

Ni mimi baba yako,
wa nyumba ileile.