Uzito wa Kukisia

Kwako Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo, kwa siku zote nilizokaa kimya. Nakuombea barua hii ikukute mzima, mguu umepoa, na ngazi za sokoni unazipanda bila kumtukana aliyezijenga. Mimi mwili mzima. Baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi: siipendi, lakini kila asubuhi naiamkia. Wasalimie majirani wote, hata yule anayeazima pasi yako na kuirudisha akijisikia.

Najua umenung'unika kwamba nimekusahau. Sijakusahau. Nilikuwa na neno kooni, na kila nikishika kalamu naishia kwenye salamu. Leo nimepiga moyo konde. Habari za mwanao, Profesa wetu wa utani, nitakupa huko chini, kwa hiyo usiruke mistari kama unavyorukaga magazeti.

Masomo yenyewe yanakwenda. Tiba ya mifugo si kazi ya kuvaa kiatu cheupe. Tunashinda mazizini, tumevaa mabuti ya mpira, mikono inanuka mpaka ukila chakula hujui unachokula. Sisi wa kwetu ni wachache, na kila tunapokwenda tunatazamwa. Unakumbuka yule bwana wa wizara aliyetuaga? Alisema sisi ni mabalozi, kwamba huku hakuna mtu atakayeona mimi au fulani, wataona nchi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Basi tulipofika tukaanzisha chama chetu, tukachagua Mwenyekiti, kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye sauti ya msikitini na tai ya harusini. Yeye ndiye aliyetupa sheria kuu: mwanafunzi wa kwetu haulizi swali mbele ya wenyeji. Mwalimu akiuliza kama umeelewa, jibu ni ndiyo. Usichokijua ukaulize bwenini, kwa wenzako. Anayeuliza darasani, jioni anachekwa, anaambiwa ameshusha bendera. Ilikuwa mzaha mwanzoni. Baadaye tukaanza kuogopana kweli.

Kuna jambo la utepe pia. Kwetu kila bwana mifugo ana utepe mfukoni, anauzungusha kifuani mwa ng'ombe na kusoma uzito, maana dawa hutolewa kwa uzito. Wiki ya kwanza mmoja wetu aliutoa, na wanafunzi wa huku wakauliza kama ng'ombe anashonewa koti. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akaamuru tepe zote zirudi kwenye masanduku. Huku wana mzani wa umeme, kizimba cha chuma chenye vitufe vingi, na yeyote kati yetu ukimuuliza anakuambia anajua kuutumia. Tulikuwa tunadanganyana, Shangazi. Wengi wetu hatukuujua.

Sasa nisikilize. Aliletwa ng'ombe mwekundu mwenye kidonda cha kwato, mali ya mama mmoja jirani na chuo. Ilibidi apigwe sindano ya usingizi ili kwato likatwe. Zamu ilikuwa ya mmoja wetu, na mimi nilishika kamba. Mzani ukagoma. Ulikuwa unawaka na kuzima. Ukiuliza tu, mtu anakuja anakuonyesha, hata dakika haipiti. Lakini pembeni walikuwapo wale wale waliocheka, na mwenzangu hakuuliza. Alimkisia ng'ombe kwa macho. Nilimwona akimzunguka kama mnunuzi wa mnadani. Jicho lake ni zuri, ila ni jicho la kwetu, la ng'ombe wenye ngozi iliyobana. Hawa wa huku wana manyoya mazito, ukiwatazama unadhani ni milima, kumbe ndani mifupa. Akamtajia uzito mhudumu wa mazizi, naye akauandika ubaoni kama kazi yake inavyomtaka. Dawa ikapimwa kwa uzito ule. Ng'ombe alilala, na hakuamka.

Yule mama alikuja na ndoo ya kukamulia, maana hakujua. Akasimama nayo hapo mlangoni.

Mhadhiri wetu wa upasuaji, mwanamke mkali asiyependa maneno, akatazama ubao na kuona uzito si wa ng'ombe yule. Akamuuliza mwenzangu kama alipima. Akajibu ndiyo, alipima, na uzito alioutaja ni mwingine, labda mwandishi amekosea. Mhudumu akaruka, akasema ameandika alichoambiwa. Ikawa neno lake na neno la mwanafunzi aliyeletwa na serikali. Bwana Zizi, ndivyo tunavyomwita mhudumu huyo, akamwaga unga siku ile ile.

Nisikufiche, Bwana Zizi hatukumpenda. Ana mdomo mchafu. Alizoea kutuita wageni wa heshima huku akitupa ufagio miguuni mwetu. Chama kilipokutana, Mwenyekiti akasema tusivuane nguo mbele za watu, mmoja akianguka ufadhili wa wote unaweza kukatwa, na isitoshe yule mzee anatuchukia. Wote wakakubali. Mimi nilikaa kimya, na kimya changu kikahesabiwa ni kukubali. Nilipokutana na Bwana Zizi getini amebeba mabuti yake kwenye mfuko, akanitazama akasema natumaini mmefurahi. Nilikasirika. Nikajiambia, ona, hata huruma hastahili. Hasira ile ilinisaidia kulala.

Kilichonishinda ni sifa. Mhadhiri alisimama mbele ya darasa zima akamwita mwenzangu, akasema wengine waige wanafunzi wa nchi yetu, kwamba ni makini, wana adabu, hawababaiki. Darasa likapiga makofi. Wale waliocheka utepe nao wakapiga. Shangazi, ndicho kitu nilichokitamani tangu nishuke kwenye ndege, nchi yangu isifiwe nikiwapo. Ikasifiwa, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mhudumu yuko nyumbani hana kazi, mama hana maziwa, na sisi tunang'aa.

Nilimfuata mwenzangu nikamsihi aende mwenyewe. Alilia. Akasema ngoja mitihani ipite. Mitihani ikapita, akasema ngoja matokeo. Nikajua hatakwenda. Nikaenda mimi, nikamwambia Mhadhiri nilichokiona nikiwa nimeshika kamba, na sheria yetu ya kutouliza, na kimya changu pia. Wakamwita, na hakukataa. Bwana Zizi amerudishwa kazini. Hakunishukuru, alinipita na toroli lake akaniambia nisimame pembeni. Chama kimenihama: nikiketi kula, meza inabaki yangu peke yangu. Mwenyekiti anasema nimeiuza nchi.

Shangazi, mwenzangu huyo ni Profesa.

Najua umeketi. Kama hujaketi, keti. Ni mwanao, ambaye nilinyang'anyana naye mto wa kulalia utoto mzima na hakuna aliyewahi kuniita mtoto wa kaka ndani ya nyumba yako. Siku tunaondoka ulitushika mikono wote wawili ukasema kila mmoja amfichie mwenzake aibu. Nimeivunja amri yako. Nimeipindua kila upande nikitafuta namna ya kuitii bila mtu mwingine kuteketea, sikuipata. Mficha uchi hazai, ulitufundisha wewe mwenyewe hilo, lakini halinifariji hata kidogo. Nampenda sana.

Ufadhili wake umefutwa. Anarudi nyumbani, na barua hii inaweza kumtangulia. Aliniomba jambo moja tu, nikuandikie kwamba anarudi kwa sababu ya kifua, baridi imemshinda. Hakunitukana. Aliniomba kwa upole, kama tulivyokuwa tukipanga uongo wa glasi iliyovunjika. Nimejaribu kuandika hivyo na nimeshindwa.

Basi nakuomba mimi. Akifika atakuambia anaumwa. Mpikie, mfunike blanketi, muulize kifua kinamuuma upande gani. Usimwonyeshe barua hii wala usimwambie unajua. Mpe nafasi akuambie mwenyewe, hata ikichukua mwaka. Aliwahi kukosa nafasi hiyo huku, na aliyemkosesha ni mimi.

Akishasema, ndipo uniandikie. Na kama utaona sistahili tena kuandikiwa, usimtume mtu kuniambia. Sema mwenyewe, kwa mkono wako, nitapokea.

Wasalimu wote wanaoniulizia. Lala salama, Shangazi.

Ni mimi mwanao, kama bado,
Binti wa kaka yako.