Mikono ya Mama Ukutani

Nyumba ya Uani,
Mtaa wa Chini.
14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mama anasema ukikohoa huko yeye husikia huku, basi mhurumie, vaa sweta. Sisi tu wazima, ila mmoja wetu amevunjwa, na nisipokueleza mimi utazipata habari zimetiwa chumvi.

Tangu kiwanda cha ngozi kielekeze bomba lake mtoni, Mama akifua nguo za watu anarudi vidole vimechubuka, damu inachuruzika kwenye mashuka. Tumelalamika mpaka tumechoka. Basi kitindamimba wetu, Mabango, akaacha kuwaandikia vinyozi matangazo yao, akaichora mikono ile kwenye ukuta wa kiwanda, kila kidole kirefu kuliko mlango, ngozi ikining'inia. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa pale ukutani, unadai bomba lizibwe.

Walinzi wakatoka na marungu. Walimlaza Mabango kifudifudi, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe, na mkubwa wao akauponda. Nilisikia mfupa. Mdogo wangu, sikuwa mtu tena. Nilimrukia yule mkubwa nikamng'ata sikio, naye akaning'oa meno mawili kwa kiwiko. Sijutii.

Sasa sikia ujinga. Msimamizi wa kiwanda alitaka picha ifutwe upesi, na siku hiyo mifereji ya maji safi ya ndani ilikuwa mikavu. Walinzi wakachota maji kwenye mtaro unaoshuka mtoni, chini ya bomba lao wenyewe, wakasugua kwa mikono mitupu. Rangi ya mafuta haikubanduka. Kilichobanduka ni ngozi yao. Yule mkubwa akaitazama mikono yake, akaitazama ya Mama pale juu, kisha akamgeukia msimamizi.

"Ulituambia maji haya hayana neno."

Akamtandika kwa rungu lile lile, msimamizi akaanguka mtaroni. Tuliliziba bomba kwa mawe na saruji, na huyo mlinzi akibeba mawe pamoja nasi, sikio linavuja, mikono inavuja. Sijamsamehe, lakini nilimpisha apite.

Kiwanda kimefungwa kwa sasa. Mama anafua, na vidole vimeanza kuota ngozi mpya. Mabango ndiye aliyelipa. Daktari anasema mkono ule hautashika brashi tena.

Jana nilimkuta uani anajifunza kwa wa kushoto. Amechora mtungi wa maji, eti. Nikamwambia unafanana na kiatu. Akacheka, halafu akalia, nami nikalia naye. Ukipiga simu usimpe pole, zimemchosha. Muulize anachora nini.

Nisalimie wifi yangu na watoto. Baba mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Mama amesimama hapa nyuma yangu, ananiambia niandike hivi: Mungu akulindie mikono yako, yote miwili.

Ni mimi dada yako akupendaye, pamoja na mapengo yangu.