Wifi Aliyebaki Kilima cha Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KIFO CHA MSHONAJI ALIYEKUTWA VILIMANI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 24
Kazi: mkata lenzi, duka la miwani
Elimu: kidato cha nne
Makazi: chumba na sebule, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la samaki
Uhusiano na marehemu: mke wa mdogo wake

Mimi ni mke halali wa fundi lifti ambaye afande alimhoji jana. Tuna wiki tatu za ndoa. Naomba iandikwe kwamba zimekuwa wiki tatu tamu sana. Mume wangu hunisindikiza kazini kila asubuhi ingawa kazi yake iko upande mwingine wa mji, na nikikaa kwenye mashine najikuta natabasamu peke yangu, mpaka bosi ananiuliza kuna kichekesho gani ndani ya kioo. Sijawahi kupendwa hivi. Nasema haya ieleweke kwamba sikuja hapa kwa sababu ya ugomvi.

Marehemu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mshonaji wa sare za shule. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa mtu wa utani. Siku ya harusi yetu alisema mbele ya wageni, "Wifi yangu huyu, upepo ukivuma tutamtafuta kwa jirani." Watu walicheka, na mimi nilicheka, ingawa iliniuma. Baadaye mume wangu aliniambia, "Yule nitamtia adabu, mke wangu. Hakuna wa kukucheka wewe mimi nikiwa hai." Niliona fahari.

Mume wangu hupenda kutembea vilimani siku za mapumziko. Jumapili ya tarehe 9 alipanga tutoke bandarini kwa miguu, tupande vilima vitatu vilivyo nyuma ya mji, kisha tuteremkie kituo cha mabasi upande wa pili. Ni mwendo wa kutwa. Wifi aliposikia akasema na yeye yumo. "Nimzoee wifi yangu," alisema, "maana nikingoja anialike nitaota mizizi." Tukawa watatu.

Tuliondoka geti la bandari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Penye matangi ya maji, lami inapoishia, mume wangu alichukua chupa ya maji ya wifi akaitia kwenye begi lake pamoja na zetu. Alimwambia, "Dada, wewe tembea mikono mitupu." Wifi akanigeukia: "Unaona nilivyokulelea mume?" Tulicheka wote.

Mume wangu ana hatua ndefu na mimi ni mwepesi. Wifi alikuwa mnene, na magoti yalimsumbua kwa kukanyaga cherehani miaka mingi. Akabaki nyuma. Juu ya kilima cha kwanza tulikaa kumsubiri. Kutoka pale bahari yote inaonekana na kreni za bandari zinakuwa ndogo kama pini. Mume wangu alinivua viatu, akanikanda miguu, akaniambia maneno ambayo sitaki yaandikwe. Tulikaa sana. Wifi alipotufikia, anahema, kabla hajapata pa kuketi, mume wangu alinyanyuka na begi lake. "Umefika, dada? Haya, sisi tumeshapumzika. Twende."

Wifi akasema, "Nyie mmeoana au mmeiba? Mnakimbia nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wao wa ndugu.

Mara ya pili ilikuwa kwenye machimbo ya kokoto, kilima cha pili. Pale hakuna kivuli ila cha ukuta mmoja, na sisi ndio tuliokuwa kwenye hicho kivuli. Tulisikia mawe yakiporomoka chini ya miguu ya wifi. Mume wangu akaninong'oneza, "Ngoja akunje magoti kwanza." Wifi alipoinama akae, tukasimama. Alijishika ukutani, akanyooka, akatufuata.

Afande ameniuliza kwa nini hapo sikumkataza mume wangu. Kichwa changu kilikuwa begani kwake. Kila wifi alipochelewa, mimi nilipata muda zaidi wa kukaa hivyo. Hilo ndilo jibu langu.

Kilima cha tatu tulikaa katikati ya mwinuko, yapata saa nane mchana. Wifi alitufikia midomo myeupe, jasho limemkauka. Alisema, "Mdogo wangu, maji." Mume wangu akajibu, "Tutakunywa juu, dada. Ukinywa sasa utalegea." Sisi wawili tulikuwa tumeshakunywa. Chupa ya wifi ilikuwa begini, haijafunguliwa.

Wifi akanitazama mimi. "Wifi, hebu mwambie mumeo."

Nikamwambia, "Jikaze wifi, tumekaribia."

Alikaa chini palepale, juani. Akasema, "Nendeni tu. Nitakuja." Mume wangu akanishika mkono tukaenda.

Kituoni tulifika saa kumi. Tulisubiri hadi basi la mwisho. Nilipomwambia turudi tukamwangalie, mume wangu alisema, "Yule? Yule keshapanda lori la kokoto yuko mjini anatusengenya. Mimi dada yangu namjua." Simu ya wifi haikupatikana. Tukapanda basi.

Jumatatu asubuhi wapima ardhi walimkuta wifi palepale tulipomwacha. Alikuwa amevua viatu na kuvipanga pamoja.

Leo kabla sijaja hapa, mume wangu alinikalisha kitandani, akanishika mashavu. Alisema, "Ukiulizwa, sema tu alituambia twende, atakuja. Si uongo, mke wangu. Wewe mwenyewe ulisikia." Ni kweli nilisikia. Akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akaniuliza kama najua kushona vifungo, kwa sababu shati lake la kazi limekatika kifungo na huwa anampelekea dada yake.

Nilikishona. Nilijichoma sindano kidoleni. Mume wangu alicheka kwa upole, akasema, "Utazoea."

Nilipomaliza kukata uzi nilijua siwezi kusema yale maneno mawili matatu ya wifi tu na kuyaacha mengine.

Bado nampenda mume wangu. Na hilo ni kweli, naomba lisifutwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimeyasema kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake na amekubali kuwa ni sahihi. Kabla hajaweka sahihi nilimfahamisha kwamba sheria haimlazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Alisema ameelewa. Aliuliza kama mumewe, aliyekuwa kwenye benchi la nje akimsubiri, atasomewa maelezo haya. Nilimjibu kwamba atasomewa, yote. Akaomba kalamu.